Klorini haiondoi vumbi: kusafisha chumba cha sterilizasio hapa Goma

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukamalizika rasmi tarehe 25 Juni 2020, uliacha tabia mbili katika hospitali na vituo vya afya vya mji wetu. Ya kwanza ni kunawa mikono mlangoni, na hiyo ibaki. Ya pili ni kubeba pompa ya mgongoni na kunyunyiza klorini ya 0.5% kila mahali panapotia hofu: ukutani, sakafuni, juu ya meza, hata kwenye mlango wa otoklave, mashine inayoua vijidudu kwa mvuke wa moto. Tabia hii ikiingia chumba cha sterilizasio, yaani mahali vifaa vya upasuaji vinapooshwa na kuuliwa vijidudu, inaleta hasara mbili kwa mpigo. Vumbi na damu iliyokauka vinabaki palepale, vimelowa tu, na chuma kinaanza kuliwa na kutu. Tena anayenyunyiza anavuta hewa ya klorini kifuani mwake. OMS (Shirika la Afya Duniani) haishauri kabisa kunyunyiza dawa ndani ya vyumba kama njia ya kusafisha nyuso.

Makala haya yanahusu chumba chenyewe: sakafu, meza, sinki, rafu, madirisha na otoklave kwa nje na kwa ndani. Kuosha makasi na koleo ni somo jingine, nitaligusa pale tu linapochafua chumba.

Kwa nini chumba kipewe uzito huo wakati otoklave inaua kila kitu? Kwa sababu furushi la vifaa linatoka otoklaveni likiwa limefungwa kwa kitambaa au karatasi inayopitisha mvuke. Ikilowa, karatasi hiyohiyo inapitisha vijidudu. Ikilazwa juu ya rafu yenye vumbi, vumbi litapanda hewani siku furushi litakapofunguliwa bloku (chumba cha upasuaji), karibu na tumbo lililo wazi. Na uchafu ulioangukia kifaa kwenye meza ya kufungia, uzi wa kitambaa au chembe ya mchanga, utapikwa pamoja nacho: hautakuwa na uhai, lakini ukiingia kidondani bado ni kitu kigeni ndani ya mwili wa mgonjwa.

Mwendo wa anayesafisha

Hospitali kubwa huwa na vyumba vitatu vinavyofuatana. Kuna eneo chafu, ambako vifaa vilivyotoka bloku vinapokelewa na kuoshwa. Kuna eneo safi, ambako vinakaguliwa, vinapangwa, vinafungwa na kuingizwa otoklaveni. Mwisho kuna arsenali, yaani chumba cha kutunzia mafurushi yaliyo tayari. Vifaa vinatembea upande mmoja, kutoka uchafu kwenda usafi. Anayesafisha vyumba anatembea kinyume chake: anaanza arsenali, anaingia eneo safi, anamalizia eneo chafu. Ndani ya kila chumba anaanza juu akishuka chini, na anaanza pembe ya mbali akirudi kuelekea mlangoni. Akishamaliza eneo chafu harudi nyuma, hata akikumbuka kwamba amesahau dirisha la arsenali. Dirisha hilo litafanywa zamu ijayo, kwa vyombo vyake na mavazi safi.

Vituo vingi vya kwetu vina chumba kimoja tu. Hapo tenganisha kwa nafasi na kwa saa. Sinki ibaki upande mmoja na meza ya kufungia upande mwingine, katikati pawe na ukuta mwepesi wa mbao iliyopakwa rangi ya mafuta au plastiki ngumu inayooshika. Matone ya sinki yanaruka hadi mita moja hivi, kwa hiyo ndani ya mita hiyo pasiwekwe kitu chochote safi. Kisha panga saa: kuosha vifaa kwanza, halafu kusafisha chumba chote, kuacha kikauke, ndipo kufunga mafurushi. Kuosha na kufunga kwa wakati mmoja katika chumba kimoja ni kosa ambalo hakuna klorini itakayolifuta.

Kila eneo liwe na ndoo zake, vitambaa vyake, raklete yake (mpira wa kuvutia maji) na serpiyeri yake (kitambaa cha deki). Wengine wanatumia rangi: nyekundu kwa eneo chafu, bluu kwa eneo safi, nyeupe kwa arsenali. Vitambaa vya rangi vikikosekana sokoni, mama wa usafi anaweza kushona uzi wa rangi kwenye pindo la kitambaa cheupe na kupaka alama hiyohiyo kwenye mpini wa ndoo. Muhimu ni kwamba mtu mgeni akiingia zamu ya usiku ajue bila kuuliza.

Vumbi la lava

Goma imejengwa juu ya lava. Mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa Januari 2002 ulipita katikati ya mji, na ule wa tarehe 22 Mei 2021 ukafika pembeni mwake. Barabara nyingi za mitaa ni mawe meusi yaliyosagwa na magurudumu. Vumbi hilo lina ncha kali na ni gumu. Ukilipangusa likiwa kavu juu ya meza ya inoksi (chuma cha pua), linakwaruza. Na kila mkwaruzo ni mfereji mdogo ambamo uchafu unajificha na kutu inaanzia.

Kwa hiyo ufagio mkavu hauingii chumba cha sterilizasio, hata siku moja. Ufagio unainua vumbi, na vumbi linakaa hewani kwa saa nyingi kabla ya kushuka juu ya meza uliyokwisha pangusa. Vumbi linaokotwa kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri, likisukumwa upande mmoja bila kuzungusha. Kunja kitambaa mara mbili: unapata nyuso nane. Uso mmoja unatosha eneo dogo, halafu unageuza. Nyuso nane zikiisha, kitambaa kinaenda kwenye kapu la kufuliwa, hakirudi kwenye ndoo. Kurudisha kitambaa kichafu katika ndoo ya dawa ndiyo njia ya haraka zaidi ya kugeuza dawa kuwa maji machafu.

Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, na siku ambazo mlima unatoa majivu, pangusa vizingiti vya madirisha na matundu ya hewa kila siku. Miezi ya mvua mara moja kwa wiki inaweza kutosha. Madirisha ya eneo safi na ya arsenali yasifunguliwe. Joto likizidi, shughulikia matundu ya hewa, usifungue dirisha la barabarani. Na feni ya juu inayozunguka haifai katika vyumba hivi viwili, kwa kuwa inarusha kila kilicholala sakafuni.

Sabuni kwanza, dawa baadaye

Klorini inaungana na kitu chochote chenye asili ya uhai: damu, mafuta, ute, hata uchafu wa viatu. Ikishaungana navyo imekwisha, haina nguvu tena ya kuua. Ndiyo maana ndoo ni tatu: ya sabuni, ya maji ya kusuuza, ya dawa. Sugua kwa sabuni isiyo na asidi wala magadi makali, suuza, kisha paka dawa na uache sehemu ibaki imelowa kwa dakika 10. Ikikauka kabla ya dakika 10, ongeza. Usichanganye sabuni na javeli (klorini ya maji ya chupa) katika ndoo moja kwa kufikiri unaokoa muda. Baadhi ya sabuni zinaila klorini yote kabla haijafika sakafuni. Sabuni nyingi kupita kiasi nayo ina madhara, inaacha utando unaonata na vumbi la kesho litaushika.

Nguvu mbili za klorini zinatosha kwa kazi yote: 0.1% kwa nyuso zilizokwisha oshwa, na 0.5% kwa mahali palipomwagika damu. Kupanda hadi 0.5% kila siku kunakula meza na mapafu.

Vipimo vinategemea kile ulichonunua. Unga wa HTH una klorini ya asilimia 65 hadi 70. Kwa lita 10 za 0.1% weka gramu 15, ambazo ni kijiko kimoja kikubwa kilichosawazishwa kwa kisu. Kwa lita 10 za 0.5% weka gramu 75, yaani vijiko vitano. Tia maji kwanza, kisha unga juu ya maji, koroga kwa mti au plastiki, acha nusu saa mashapo yashuke, halafu mimina maji maangavu ya juu peke yake. Mashapo ya chokaa yakifika mezani yanaacha madoa meupe ambayo mtu anayakwangua kwa brashi ya chuma, na hapo meza imekwisha. Pipa la HTH likae mbali na mafuta, petroli na alkoholi, kwa sababu vikigusana vinaweza kuwaka moto vyenyewe.

Vidonge vya klorini vya NaDCC vya gramu 1.67 vinatoa gramu moja ya klorini: kidonge kimoja kwa lita moja kinakupa 0.1%, vitano vinakupa 0.5%. Hivi ndivyo ninavyovipendelea kwa eneo safi, kwa sababu kuhesabu vidonge ni rahisi kuliko kusawazisha kijiko saa nane usiku.

Maji ya javeli ndiyo yanayoleta makosa mengi. Chupa zinaandikwa kwa digrii. Digrii moja ni karibu gramu 3.2 za klorini kwa lita, hivyo javeli ya digrii 12 ina karibu 3.8%, na ya digrii 8 ina karibu 2.5%. Hesabu ni hii: gawa nguvu ya chupa kwa nguvu unayotaka, toa moja, utapata sehemu za maji kwa sehemu moja ya javeli. Kwa 3.8% ukitaka 0.1%, ni sehemu 37 za maji, ukitaka 0.5%, ni sehemu sita na nusu. Kwa chupa ya 2.5% ukitaka 0.5%, ni sehemu nne. Hesabu hiyo haina maana kama chupa ilikaa juani mbele ya duka kwa wiki kadhaa, kwa sababu mwanga na joto vinaiua javeli hata kizibo kikiwa kimefungwa. Nunua yenye tarehe, yenye chupa isiyopitisha mwanga, na ukiweza kupata karatasi za kupimia klorini, pima.

Mchanganyiko wowote wa klorini uandikwe saa na siku, ufunikwe, na umwagwe baada ya saa 24. Ukionekana mchafu kabla ya hapo, mwaga mapema.

Makatazo mawili hayana nafasi ya majadiliano. Klorini haikutani na asidi, wala siki, wala dawa ya kuondoa chokaa, wala amonia. Hewa inayotoka hapo inaweza kuua mtu katika chumba kidogo. Na klorini haiachwi juu ya chuma: baada ya dakika 10, inoksi inapanguswa kwa maji safi na kukaushwa. Inoksi inaliwa na klorini kwa vishimo vidogo vyeusi, na vishimo hivyo havisafishiki tena.

Maji tunayotumia

Sehemu kubwa ya maji ya Goma yanatoka Ziwa Kivu, yawe ya bomba la REGIDESO, shirika la maji la serikali, au ya bidoni ya lita 20. Maji ya juu ya ziwa hili yana pH (kipimo cha asidi na magadi) karibu 9 na chumvi nyingi, upitishaji umeme wake, ambao unaonyesha wingi wa chumvi, ukiwa karibu mikrosimensi 1,200 kwa sentimita. Kwa sakafu na kuta hayo si kitu. Kwa kusuuza meza ya inoksi yanaacha ukungu mweupe yakikauka yenyewe, kwa hiyo kausha kwa kitambaa mara moja. Bikaboneti iliyo ndani ya maji hayo pia inazuia mchanganyiko wa NaDCC kushuka pH, na klorini inaua polepole zaidi pH ikiwa juu; ndiyo sababu hapa kwetu dakika 10 zisipunguzwe hata kama karatasi ya dawa inaruhusu muda mfupi.

Kuyatia maji ya ziwa ndani ya otoklave ni kuinunulia kifo. Otoklave kubwa zinataka maji yenye upitishaji usiozidi mikrosimensi 5, na ndogo za mezani zisizozidi 15. Linganisha na 1,200. Chokaa inashika vipasha joto, inaziba valvu, na klorini na chumvi zinatoboa chemba, yaani tumbo la ndani la mashine. Wengine wanakimbilia maji ya mvua. Yana chumvi kidogo kweli, lakini mvua inayopita katika moshi wa Nyiragongo inashuka na asidi na floridi, na mabati ya vijiji vilivyo upande unaopigwa na moshi huo yanaonyesha kwa kutu. Maji ya kutia otoklaveni ni yaliyotoneshwa au yaliyoondolewa madini. Hata chombo kidogo cha kutonesha maji kinacholisha otoklave ya mezani ni nafuu kuliko kununua chemba mpya.

Sinki

Kama ningepewa saa moja tu ya kukagua chumba cha sterilizasio, nusu yake ningeitumia kwenye sinki. Ndipo damu, vipande vya nyama, maji na joto vinakutana, na katika bomba la kutolea maji kunajengeka utando wa bakteria unaoshikamana na kuta. Bakteria wa Pseudomonas wanapenda mahali hapo. Ukifungua maji kwa nguvu yakagonga moja kwa moja tundu la chini, utando unaruka na matone hadi mezani. Mdomo wa bomba ukae pembeni kidogo ya tundu, na maji yafunguliwe kiasi.

Brashi zisugue vifaa vikiwa chini ya maji, sio hewani. Anayesugua makasi hewani anarusha matone ya damu ukutani, kwenye miwani yake na kwenye swichi ya umeme. Ukuta wa nyuma ya sinki upanguswe kila baada ya zamu ya kuosha, hadi usawa wa kichwa.

Hapa niseme neno kuhusu beseni la klorini ya 0.5% ambalo bado linangoja vifaa mlangoni mwa bloku nyingi. OMS haipendekezi tena kuloweka vifaa katika dawa kabla ya kuviosha. Klorini inagandisha protini za damu juu ya chuma, inakula chuma chenyewe, na beseni lenyewe linabebwa likimwagika njia nzima. Vifaa vitoke bloku vikiwa vimefutwa na kufunikwa kwa kitambaa kilicholowa maji, ndani ya sanduku lenye mfuniko. Damu isikauke, hilo ndilo linalotakiwa.

Mwisho wa kila zamu ya kuosha, toa mabaki yote kwa koleo, kamwe si kwa vidole: sindano na visu vimejificha humo. Sugua kwa sabuni ukianza na bomba na vishikio, kisha kingo, kisha kuta za sinki, na tundu la chini liwe la mwisho kwa brashi yake ya peke yake. Tundu la pembeni la kuzuia kufurika ndilo linalosahaulika kuliko yote. Lipitishie brashi nyembamba. Suuza, paka 0.1% kwa dakika 10, suuza tena, kausha. Sinki inayolala usiku ikiwa kavu ni bora kuliko inayolala ndani ya klorini. Brashi zioshwe, ziuliwe vijidudu, zitundikwe zikitazama chini. Brashi inayolala ndani ya kopo la maji ya sabuni hadi asubuhi inakuwa chafu kuliko kifaa itakachokisugua.

Anayefanya kazi hii avae glavu nene za mpira zinazofika karibu na kiwiko, aproni isiyopitisha maji, barakoa, miwani na bote. Vyote vinabaki eneo chafu. Bote zinazovuka mlango kwenda eneo safi zimebatilisha usafi wa asubuhi.

Otoklave

Ikiwa imepoa kabisa, kila asubuhi pangusa mpira wa mlango na kingo zake kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa maji yaliyotoneshwa. Uzi mmoja au punje ya mchanga juu ya mpira unatosha kuvujisha mvuke. Toa chujio lililo chini ya chemba, lisugue chini ya bomba, lisuuze kwa maji yaliyotoneshwa, lirudishe. Chujio likiziba kwa nyuzi na karatasi, hewa ya chemba haitoki vizuri, hewa iliyobaki inazuia mvuke kufika, na mafurushi yanatoka yakiwa na maji au yakiwa hayajaiva. Watu wanalaumu mashine wakati tatizo ni pamba iliyojikunja katika chujio.

Mara moja kwa wiki safisha chemba kwa sabuni laini, suuza mara mbili, kausha. Hakuna javeli, hakuna nyuzi za chuma, hakuna unga wa kusugulia sufuria. Tangi la otoklave ya mezani limwagwe na kujazwa upya kila wiki. Otoklave ya aina ya sufuria ibadilishiwe maji kila siku. Vitufe na skrini vipanguswe kwa kitambaa chenye alkoholi ya 70%, umeme ukiwa umezimwa.

Jambo la pembeni, lakini la lazima kwa mji ulio karibu mita 1,500 juu ya bahari: kwenye otoklave inayoendeshwa kwa manometa (kipima mgandamizo) peke yake, sindano inapaswa kusoma karibu bari 1.2 ili ndani pawe na nyuzi 121. Huko pwani 1.04 inatosha, kwa kuwa hewa ya pale ni nzito zaidi. Anayefuata kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari anapika chini ya joto linalotakiwa.

Eneo safi na arsenali

Meza ya kufungia inapanguswa kabla ya kuanza kazi, kila unapobadilisha aina ya vifaa, na mwisho wa zamu. Lenzi na taa ya kukagulia zisisahaulike, kwa sababu mikono inazigusa mara nyingi kuliko meza. Hakuna chakula, hakuna chai, hakuna katoni kutoka duka la dawa: katoni zilizosafiri kwa lori zinabeba vumbi, mende na ukungu, zifunguliwe nje na vilivyomo viingizwe peke yake.

Arsenali inahofia maji kuliko kitu kingine chochote. Sakafu inapigwa deki mara moja kwa siku kwa serpiyeri iliyokamuliwa hadi isidondoshe hata tone, kwa mwendo wenye umbo la tarakimu 8 kuelekea mlangoni. Kumwaga maji na kuvuta kwa raklete, kama tunavyofanya kwenye korido na baraza, hapa ni marufuku. Maji yanapanda hewani, yanaingia katika vitambaa vya mafurushi, na unyevu ukizidi asilimia 70 katika miezi ya mvua, furushi linaweza kulowa bila kuguswa na mtu. Kipima unyevu kidogo kitundikwe ukutani na kisomwe kila asubuhi. Rafu ya chini iwe angalau sentimita 25 hadi 30 kutoka sakafuni, ili deki isiyarushie mafurushi matone. Ya juu iache sentimita 45 chini ya dari. Na pawe na sentimita 5 kati ya rafu na ukuta ili hewa ipite na kitambaa kifike. Rafu za matundu hukusanya vumbi kidogo, ila rafu ya chini kabisa iwe bamba zima.

Rafu zinapanguswa kila wiki, moja baada ya nyingine. Ondoa mafurushi kwa mikono iliyonawiwa na kukauka, yalaze juu ya kigari safi, pangusa rafu, ngoja ikauke kabisa, rudisha. Kila furushi linaguswa mara chache iwezekanavyo. Kuta kila mwezi, taa, dari na matundu ya hewa kila miezi mitatu, na siku hiyo mafurushi yote yatolewe nje ya chumba kwanza.

Damu ikimwagika

Fyonza kwanza kwa karatasi au komprese (kitambaa cha kufyonzea damu), tupa katika taka za kuambukiza, osha kwa sabuni, kisha 0.5% kwa dakika 10, suuza, kausha. Ukimwaga klorini juu ya dimbwi la damu, damu inaila klorini na chini yake hakuna kilichokufa. Vipande vya chupa au sindano viokotwe kwa koleo.

Vitambaa na ukaguzi

Serpiyeri na vitambaa vinafuliwa kila siku kwa sabuni, vya eneo chafu peke yake, kisha vinachemshwa. Maji yanachemka hapa karibu nyuzi 95. Kwa vitambaa vya kusafishia joto hilo linatosha, vikiwa vimezama dakika 20. Vianikwe juani hadi vikauke kabisa, juu ya kamba na sio juu ya mawe. Kichwa cha mopu kinacholala kikiwa kimelowa ndani ya ndoo kinalea bakteria usiku kucha, na asubuhi unawapaka sakafuni ukiita usafi.

Karatasi yenye saini peke yake haithibitishi kitu. Shefu (mkuu) wa sterilizasio apitishe kitambaa cheupe juu ya rafu ya juu, nyuma ya mpini wa mlango na chini ya ukingo wa meza. Au aweke asubuhi alama ndogo za wino unaong'aa chini ya taa ya urujuanimno (UV), kisha arudi jioni kuona zipi zimebaki. Alama zinazobaki kila wiki mahali palepale zinaonyesha kwamba mama wa usafi hafikii hapo, labda hana ngazi, au kuna mashine nzito isiyosogezwa. Mpe ngazi, sogeza mashine.

Ukiona furushi lililolowa, lililochanika, lililoanguka sakafuni au lenye vumbi linaloonekana, usilipanguse na kulirudisha rafuni. Lifungue, vifaa virudi kwenye sinki, vioshwe, vifungwe kwa kitambaa kipya na kupikwa tena, na andika mahali lilipokuwa limelazwa. Mafurushi mawili yakiharibika kwenye rafu ileile, tazama dari juu yake: mara nyingi kuna bati linalovuja au tundu la hewa ambalo halijaoshwa tangu kiangazi.